Mwendo wa Siku Tatu

Jina la Ratiba hakupewa na wazazi wake. Alipewa kazini, katika ofisi ya kukatia tiketi za ndege, kwa sababu kichwa chake kilibeba saa za ndege zote zilizopaa na kutua. Umtajie mji wowote, hata ule ambao ulimi wako unajikwaa kuutamka, naye angekwambia ndege inaondoka lini, inapita wapi, inafika saa ngapi, na ukiikosa hiyo unangoja ipi. Kompyuta aliitazama kwa adabu tu. Mwenzake wa dirisha la pili, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ambaye wote walimwita Bi Uhakika, alizoea kuwaambia wateja, "Huyu akifa tutamzika na kalenda."

Basi bingwa huyu wa saa za watu alikuwa na safari moja tu duniani ambayo akiulizwa alidanganya. Ilikuwa safari ya kwao.

Kutoka mji aliofanyia kazi mpaka mji wa wazazi wake ni kilomita elfu saba na mia sita. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa tisa na dakika ishirini, nayo huruka mara nne kwa wiki. Maneno hayo aliyasema dirishani kila siku, kwa tabasamu, na tangazo la ndege hiyo alilibandika yeye mwenyewe kwenye kioo cha mlango, akalipapasa kwa kiganja lisitoe mapovu. Lakini mama yake na ukoo mzima walijua kwamba ni mwendo wa siku tatu. Walijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia.

Tusimwonee. Mara ya kwanza ilikuwa kweli. Miaka saba nyuma aliondoka nyumbani kwa tiketi ya wanyonge, ile ya kubadilisha ndege mara mbili na kulala kwenye viti vya chuma, na alipofika alipiga simu akasema, "Mama, ni siku tatu, sina hata kiuno." Mama akalia. Miaka mitatu baadaye ndege ya moja kwa moja ikaanza, naye hakupiga simu kusema. Mwanzoni alisahau. Halafu akaona kusahau kuna raha yake. Maana kwao walikuwa watu wa kuita. Paa la jikoni likivuja, aitwe. Binamu akitaka kuoa, aitwe. Jirani akisogeza mpaka wa shamba hatua mbili, aitwe, kana kwamba yeye ndiye kigingi. Akisema "siku tatu kuja, siku tatu kurudi, na likizo yangu ni wiki moja," simu ilijaa pole. Nani amlaumu mtu kwa umbali?

Kisha baba yake akaugua.

Mama alipiga simu Jumatatu asubuhi, miaka miwili iliyopita. "Baba yako anakuulizia," alisema. Hakusema zaidi. Wiki hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja kutoka makao makuu, na Ratiba alikuwa akitegemea kufanywa mkuu wa kaunta. Baba alikwishaugua mara tatu na mara tatu akasimama. Ratiba akajiambia kwamba hata hii atasimama. "Mama," alijibu, "hata nikiondoka leo, nitafika Alhamisi." Jioni ile ile ndege ya moja kwa moja iliondoka ikiwa na viti vitupu, na yeye alilijua hilo kwa sababu mchana alikuwa amewauzia watu wawili nafasi humo.

Baba alifariki Jumatano alasiri. Wakaguzi walimsifu sana Ratiba kwa usafi wa mafaili.

Alikwenda nyumbani mwezi mmoja baadaye, kwa saa tisa na dakika ishirini, akafika mchana kweupe akajifanya amechoka. Dada yake alimchemshia maji ya kukandia miguu. Naye akaitumbukiza miguu ile, mizima kabisa, akasema asante.

Mtu mmoja tu hakulimeza jambo hilo. Baba yake mdogo alikuwa dereva wa lori mstaafu, na kwa dereva wa lori umbali si habari ya kuhadithiwa. "Mimi nimeshika usukani miaka thelathini na moja," alisema mbele za watu. "Kilomita unazigawa kwa mwendo, unapata masaa. Ndege gani hii inayokwenda siku tatu? Inavutwa na punda?" Watu wawili wakacheka, tena nyumba ina msiba. Mama akasimama.

"Shemeji, mwanangu hutamwita mwongo kwenye msiba wa baba yake. Wewe ndege umepanda lini?"

Tangu siku ile shemeji hao wawili, waliokuwa wakigawana chumvi, hawakuamkiana. Ratiba alikuwa amekaa katikati yao, miguu ndani ya beseni.

Sasa mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama akataka kumwona mjukuu. Pasi ya kusafiria alikwishaitengeneza bila kumwambia mtu. Ratiba alijaribu kumzuia kwa silaha yake ya zamani. "Mama, safari ni ndefu, umri nao..."

"Siku tatu siyo umri," mama akasema. "Nitakuja. Wewe nikatie tiketi, si ndiyo kazi yako?"

Hapo ndipo alipokuwa na njia mbili. Angeweza kusema ukweli kwenye simu, akatukanwa, akalia, mambo yakaisha. Au angeweza kumkatia mama ile ya saa tisa na dakika ishirini, na mama mwenyewe angetua, angetazama saa, angehesabu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ratiba akaamua kuirefusha.

Ilimchukua jioni moja, ofisi ikiwa imefungwa na Bi Uhakika anatafuta mwavuli wake. Kazi ya kuunganisha ndege aliijua kuliko wote, na siku zote aliifanya ili kumpunguzia abiria adha. Safari hii aliifanya kinyume. Alitafuta ndege inayokwenda upande usiohusika, akaiunganisha na nyingine inayoondoka saa ishirini baadaye, akaiunganisha hiyo na ya tatu inayoondoka baada ya saa ishirini na tatu. Jumla, saa sitini na moja. Kompyuta ikaleta kisanduku cha manjano: muda wa kusubiri ni mrefu kupita kawaida, je, ungependa kuendelea? Akabonyeza ndiyo. Kikaja kingine kwa kituo cha pili. Akabonyeza ndiyo.

Bi Uhakika alikuwa amesimama nyuma yake. "Makubwa! Hii ya nani?"

"Mteja. Ametaka mwenyewe."

"Ametaka mwenyewe na ndege ya moja kwa moja ipo?" Alicheka, akaufungua mwavuli humo humo ndani kuujaribu. "Basi huyo mteja ana adui."

Alipoondoka, Ratiba alirudi kwenye tiketi akaongeza ombi la kiti cha magurudumu kila kituo. Akajiona ana huruma. Mkewe alipouliza kwa nini mama hapandi ndege ya moja kwa moja, alimwambia zimejaa.

Siku tatu zile hakula chakula kikashuka. Alimfuata mama kwenye kioo cha kompyuta kama anavyofuatwa mgonjwa aliye chumba cha upasuaji: ameondoka, ametua, anasubiri. Neno hilo "anasubiri" lilikaa hapo muda wote wa kazi, likalala hapo, likaamka hapo. Wateja walikuja, akawakatia tiketi fupi, nyepesi, zenye akili. Mara mbili nafsi ilimsuta akanyanyua simu ili abadilishe safari iliyobaki, na mara zote mbili akakumbuka kwamba mabadiliko yangehitaji maelezo. Akairudisha simu mahali pake.

Mama alitokea kwenye mlango wa wanaowasili asubuhi ya siku ya tatu, akisukumwa kwenye kiti. Viatu alikuwa ameviweka mapajani kwa sababu miguu haikuingia tena ndani yake. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea. Na alikuwa anacheka.

"Nimefika!" alisema, akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili. "Nimefika, baba. Ulisema kweli, hii safari si ya mchezo."

Nyumbani alimpakata mjukuu, akamnusa kichwa, akamwombea dua ndefu. Kisha, miguu ikiwa juu ya mto, akahadithia. Katika mji wa kwanza hakulala kabisa. Hakuielewa lugha yao, hivyo kila kipaza sauti kiliposema neno alisimama na mkoba wake akidhani ameitwa. Wale wa kiti cha magurudumu walimweka pembeni wakaondoka. Katika mji wa pili hakunywa maji, maana akinywa atataka msalani, na akienda msalani nani atamlindia mkoba, na ndege ikiita je? "Saa ishirini na tatu, mkwe wangu," alimwambia mke wa Ratiba. "Nikawa najihesabia vidole vya miguu ili nisisinzie. Vilikuwa bado kumi."

Mkewe akacheka huku machozi yakimlengalenga. Ratiba alitazama zulia. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini walikuwa orofa ya tatu, angeishia kwa majirani.

"Sasa nina neno," mama akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mwanangu, sogea hapa."

Akasogea.

"Nina kinyongo na wewe cha miaka miwili. Mdomoni nilikutetea. Shemeji yangu nilimfungia mlango kwa ajili yako. Lakini moyoni, usiku nikilala, nilikuwa nasema: hata kama ni siku tatu, angejaribu. Angeondoka tu, afike asifike. Nilikulaumu, mwanangu, nikapokea simu zako nikicheka na moyoni nimenuna." Akamshika mkono. "Sasa safari nimeionja. Nimekaa kwenye kile kiti nikasema, kumbe mtoto wangu alikuwa haniambii hata nusu. Ungekuja, ningekuwa na wagonjwa wawili. Mimi mama yako nimekukosea. Nisamehe."

Wapo watu wanaoomba msamaha wakanyimwa, na hilo linauma. Ratiba alipewa asiouomba, tena akaombwa yeye autoe, na mwombaji ana miguu iliyoumuka kama mikate.

Mama hakungoja jibu. Alikuwa amekwisha kutoa simu mkobani. "Leo ni leo," akasema. "Na yule dereva aisikie."

Simu iliita kwa sauti kubwa chumba kizima. Baba mdogo alipokea kwa wasiwasi, kama mtu asiyeamini jina analoliona. "Shemeji?"

"Mimi. Nimefika jana na leo na juzi, zote kwa pamoja. Shemeji, ni siku tatu. Nimezihesabu mwenyewe kwa makalio yangu. Una la kusema?"

Kisha mzee akakohoa. "Shemeji, nina la kusema. Huyo mtoto yupo karibu?"

"Yupo, anakusikia."

"Mwanangu," baba mdogo alisema polepole, "mimi baba yako mdogo nilikusema vibaya mbele za watu. Nilikuita mwongo na nyumba ina msiba. Nilijifanya najua njia kwa sababu ya lori. Kumbe njia za juu zina mambo yake. Mimi ni mtu mzima, lakini kosa halina umri. Niwie radhi, baba. Usiliweke moyoni."

Ratiba alisikia joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyekuwa na haki tangu siku ya kwanza, alikuwa amejiinamia mbele yake, na mama alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, amepatanisha watu. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, "yameisha," na kweli yangeisha. Angekuwa mtu safi kwao mpaka kufa. Aliliandaa neno hilo. Likagoma kutoka.

"Baba mdogo, usiniombe radhi."

"Kwa nini, mwanangu? Bado una hasira?"

"Hesabu yako ilikuwa sawa."

"Hesabu gani?"

"Ya kugawa. Ni masaa tisa na dakika ishirini. Kuna ndege ya moja kwa moja. Ipo mwaka wa nne sasa."

Mtoto akapiga chafya. Hakuna aliyemwombea afya. Baba mdogo alivuta pumzi, na mtu angetarajia acheke, au atukane, maana haki ilikuwa yake. Hakufanya lolote. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nitakupigia kesho." Akakata.

Mama alikuwa bado ameishika simu mbele ya uso wake. "Masaa tisa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ile Jumatatu niliyokupigia. Hiyo ndege ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Jioni."

"Na nafasi?"

"Zilikuwepo."

Akahesabu kwa vidole, polepole. "Jumanne asubuhi ungekuwa umebisha hodi."

"Ndiyo, mama."

"Jumanne alikaa kitandani," mama akasema. Hakuwa anamtazama. "Alikula vijiko vitano. Nilimwambia, mwanao amesema Alhamisi. Kila nikiingia ananiuliza, leo siku gani? Namwambia Jumanne. Anasema, basi nitakaza roho mpaka Alhamisi. Jumatano asubuhi akaniuliza tena, leo siku gani. Nikamdanganya. Nikamwambia Alhamisi. Akasema, basi nendeni mkamfungulie."

Ratiba alianza kulia, kilio kile kibaya cha mtu mzima kisichokuwa na mpangilio. Mama alimwacha alie. Alipotulia kidogo, mama akaitazama miguu yake juu ya mto, akaitazama muda mrefu, na hapo ndipo jambo la pili lilipomfikia. Ratiba aliliona likifika, akatamani azime taa ya chumba kizima.

"Na mimi?" mama akauliza. "Mimi nimepitishwa huko kote kwa nini?"

Mkewe aliacha kumbembeleza mtoto. Yeye naye alikuwa anangoja jibu.

"Ulijua nitakaa masaa ishirini?"

"Nilijua."

"Na yale mengine ishirini na matatu?"

"Niliyatafuta mimi, mama. Ili usijue."

Mama hakupiga kelele. Alitikisa kichwa mara moja, kama anayeelewa bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Mkwe wangu," akasema, "nionyeshe mahali pa kulala."

Alikaa wiki zake nne zote kama alivyokuwa ameahidi, maana mtoto hana kosa. Alimwogesha, alimbeba, alimwimbia. Kwa Ratiba hakununa, na heri angenuna. Alimwambia asante akipewa maji, na samahani akitaka kupita, na karibu akimkuta mezani. Baba, mwanangu, wewe mtundu, yale yote aliyomwita tangu utotoni, hakuyatamka tena. Ratiba alijaribu kuomba msamaha mara nne. Kila mara mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia," akarudi kwa mtoto. Mkewe naye alianza kumuuliza mambo mara mbili mbili, hata jambo dogo kama mkate kwisha dukani.

Wiki ya mwisho Ratiba alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nimekubadilishia tiketi ya kurudi. Nimekuwekea ya moja kwa moja."

"Usijisumbue," mama akasema. "Hiyo nitaishughulikia mwenyewe."

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia mama, amevaa nguo zake za kutokea, pasi ya kusafiria mkononi. Alikuja peke yake, kwa kuuliza njia. Bi Uhakika alikuwa na mteja. Dirisha la Ratiba halikuwa na mtu, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

Mlinzi wa mlangoni alimwelekeza kwa heshima. "Mama, pale pako wazi."

Mama alitazama pale. Macho yake na ya mwanawe yakakutana, kisha akamgeukia mlinzi. "Nitamsubiri yule dada," akasema, akakaa kwenye benchi.

Alisubiri dakika arobaini. Mteja wa Bi Uhakika alikuwa wa maswali mengi, na baada yake akaja mwingine aliyewahi kabla ya mama. Mara tatu watu waliingia wakahudumiwa na Ratiba wakaondoka. Hatimaye mama akaitwa dirisha la pili. Akauliza ndege ya kwenda kwao ni mwendo gani.

"Saa tisa na dakika ishirini, mama yangu, uhakika," Bi Uhakika akajibu kwa sauti yake ile. "Unapanda, unakula, unasinzia, umefika. Pasi yako?" Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kioo kilimwonyesha safari ya kuja. Vidole vyake vikasimama. Akayasoma majina yaliyo kwenye pasi, akageuka taratibu akamtazama mwenzake wa miaka saba, na kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe hakuwa na neno la mzaha.

Akamgeukia mama, akashusha sauti. "Mama, ndege ikichelewa tunahitaji mtu wa kumpigia simu. Una mwenyeji hapa mjini?"

Ratiba alikaa wima. Namba yake mama aliijua kwa moyo kwa miaka saba.

"Ninaye mkwe," mama akasema, akaitaja namba ya mkwewe tarakimu moja moja, bila kukosea.